Karatasi Kwenye Droo ya Chini

Jumanne, 3 Juni

Kwa Sindano,

Shikamoo. Kabla hujasoma mstari wa pili nakuomba kitu kimoja: haya yote yaishie kwako. Usimsomee mtu, usimtumie mtu, hata Mlezi wa kikundi chetu cha uandishi usimwambie nimeandika nini. Ukimaliza kusoma, futa. Kama huwezi kuniahidi hivyo, nijibu neno moja tu, "siwezi," na mimi nitajitoa kwenye kikundi leo hii bila kinyongo.

Najua si namna nzuri ya kuanza. Mlezi alipotupanga wawili wawili alisema tutumie majina ya kikundi peke yake, basi mimi ni Kifutio. Nina miaka ishirini na minne, ni karani, na niko kwenye muda wa majaribio unaoisha Agosti. Wewe najua ni mkubwa kwangu kwa sababu kwenye ukurasa wa kikundi uliandika kwamba una wajukuu wawili na miwani tatu, na kwamba wajukuu ndio wanaojua miwani iko wapi.

Sheria nimezisoma mara nne. Msomaji anauliza swali. Mwandishi haruhusiwi kujieleza kwa barua, anajibu ndani ya rasimu inayofuata. Mwisho wa mwezi hadithi inabandikwa ukutani, kwenye ukurasa wa kikundi, ili wanachama wote mia tatu waisome. Hiyo ya mwisho nimeisoma mara saba.

Naambatanisha rasimu ya kwanza. Inahusu karani wa chumba cha majalada katika hospitali moja. Mgonjwa mmoja, dereva wa lori mwenye uvimbe shingoni, amekatwa kipande kidogo cha nyama kikapelekwa maabara. Karatasi ya majibu inapotea. Jioni ileile karani anaipata, anakimbia nayo hadi getini na kumkabidhi dereva. Ni ya kubuni tangu mwanzo mpaka mwisho.

Nataka kujifunza kuandika vizuri. Kazini naandika mistari ileile kila siku, na mwezi uliopita nilimtumia mama yangu salamu za siku ya kuzaliwa nikajikuta nimemalizia kwa "kwa taarifa na utekelezaji." Mama alinipigia kuuliza atekeleze nini.

Nakuomba tena kuhusu ile ahadi.

Kifutio

*

Alhamisi, 5 Juni

Mwanangu Kifutio,

Marahaba. Nimeahidi, mkono juu ya cherehani. Hapa nyumbani hakuna anayejali ninachosoma, wakiniona nimeinamia simu wanadhani naangalia mitindo ya magauni.

Sasa tuje kwenye kazi. Unaandika sentensi safi. Safi mno, kama shati lililotoka kupigwa pasi ambalo hajalivaa mtu. Karani wako sijamuamini hata kidogo. Anapata karatasi, anakimbia, anakabidhi, dereva anatoa machozi ya shukrani, mwisho. Karani gani umemwona akikimbia? Mimi nimepanga foleni kwenye ofisi nyingi maishani mwangu, na aliyewahi kukimbia mbele yangu ni mmoja tu, naye alikuwa anawahi chakula.

Na hiyo karatasi, unasema "ikapotea." Unaandika kana kwamba ina miguu. Swali langu la kwanza ndilo hilo: ilipoteaje? Nani aliishika mara ya mwisho, na mkono wake mwingine ulikuwa unafanya nini?

Usiniambie. Andika.

Nami nimekutumia sura ya kwanza ya riwaya yangu. Naiandika mwaka wa sita sasa. Binti yangu ndiye aliyeniingiza kwenye kikundi, alichoka kuisikia jikoni. Usinionee huruma.

Sindano

*

Jumapili, 8 Juni

Kwa Sindano,

Shikamoo mama. Asante kwa kunipasua bila ganzi. Nilikasirika saa mbili nzima, kisha nikaona una haki.

Rasimu ya pili hii hapa. Nimeongeza kurasa nne. Nimejibu swali lako, natumaini, bila kujieleza. Utaona kwamba kila Alhamisi mchana makarani wa chumba kile hubandika majalada yaliyochanika. Wanapaka gundi nzito kwa brashi, wanayapanga moja juu ya jingine, wanaweka daftari kubwa la usajili juu yake ili yashike. Karani ana brashi mkono wa kulia, na kwa mkono wa kushoto anapokea karatasi kutoka maabara, kwa sababu mtu wa maabara hana subira. Anaiweka juu ya rundo kwa dakika moja. Basi.

Karatasi inaganda kwenye tumbo la jalada la mtu mwingine, mzee aliyeruhusiwa kwenda nyumbani zamani. Jalada la dereva linabaki tupu. Dereva anakuja dirishani anaambiwa majibu hayajatoka. Karani hadanganyi, hajui. Anakuja kujua baadaye, siku jalada la yule mzee linapochanika tena.

Nimeongeza pia droo, kwa sababu nilihisi hadithi inahitaji mahali. Mwisho nimeubadilisha kidogo: hakimbii, anatembea haraka.

Sura yako nimeisoma mara mbili. Harufu ya mvuke wa pasi kwenye kitambaa kibichi niliisikia kabisa. Nina swali moja, niwie radhi kama ni utovu wa adabu: kwa nini yule mama hapokei simu ya dada yake? Simu inalia ukurasa wa tatu, wa tano na wa tisa, na kila mara anaendelea kushona.

Kifutio

*

Jumanne, 10 Juni

Mwanangu,

Hapo sasa! Gundi ndiyo hadithi. Nimesoma ukurasa ule wa brashi nikasimamisha kazi, na nina sare arobaini za shule zinazonisubiri. Mjukuu wangu akaniuliza, "Bibi, unaumwa?" Nikamwambia nasoma. Akasema, "Basi pole."

Lakini mwisho wako bado ni wa uongo. Anaipata karatasi, anatembea haraka, yote yanakwisha heri. Kama ni hivyo, droo ya nini? Mtu anayetaka kurudisha kitu hakiweki kwenye droo ya chini. Umeweka droo halafu hukutaka ifanye kazi yake.

Maswali mawili leo, nimezidisha moja, unisamehe. La kwanza dogo: droo hiyo ina ufunguo, na ufunguo anao nani? La pili ndilo kubwa. Hadithi yako ina mtu mmoja tu mwenye hofu, naye ni karani. Kurasa kumi na moja tumekaa ndani ya tumbo lake. Yule dereva anafanya nini asubuhi, akiamka, akijigusa shingo? Humjui. Umempa lori halafu ukamwacha. Nenda kamtafute dereva wa kweli, ukae umwangalie, ndipo uandike.

Swali lako kuhusu dada, nimeliona. Tuendelee na yako.

Sindano

*

Alhamisi, 12 Juni

Wewe ni nani?

Barua yako imenifikia juzi saa nne asubuhi. Unauliza kuhusu ufunguo wa droo. Leo saa tano Mkuu wa chumba chetu amekuja mezani kwangu, akakohoa kama anavyokohoa siku zote kabla hajasema jambo, akaniuliza: "Ile droo ya chini, ufunguo wake anao nani?" Maneno yaleyale, mama. Au bwana. Sijui tena nikuite nani.

Nimemwambia umepotea. Uko mfukoni mwangu. Nimeushika tangu saa tano mpaka kiganja kimebaki na alama.

Kama ni wewe, Mkuu, uliyejiunga na kikundi kwa jina la bibi mshonaji, nakuomba uniambie wazi. Nina mama ananitegemea. Ile ni hadithi. Ni ya kubuni. Niliandika pale juu kwamba ni ya kubuni na barua ipo.

Tafadhali futa kila kitu.

Kifutio

*

Ijumaa, 13 Juni

Mwanangu Kifutio,

Kunywa maji kwanza.

Mimi si mkuu wa mtu. Hata paka wa hapa nyumbani hanisikii. Nina miaka sitini na tatu, nashona sare za shule na nguo za maharusi kwenye chumba cha mbele chenye dirisha moja, goti la kulia linaniuma kwa sababu ya kukanyaga cherehani. Mkuu wako anataka ufunguo kwa sababu wakuu wote duniani wanataka funguo. Mimi niliuliza kwa sababu wasomaji wote wakioneshwa droo wanauliza kama inafungwa. Yamegongana, basi.

Lakini nitakuwa mkweli, maana umeniita kwa jina lisilo langu na nimeumia kidogo.

Nimeshona miaka thelathini na moja. Nikipitisha kidole juu ya mshono nakwambia umefumuliwa mara ngapi, hata nikifumba macho. Lori la dereva wako halina rangi, halina mzigo, halina hata tairi. Geti la hospitali ni geti tu. Lakini hiyo droo! Inakwama upande wa kushoto, lazima uinyanyue kwa goti. Ndani yake kuna pini zenye kutu na brashi iliyokauka, na karatasi imefunikwa kwa kalenda ya mwaka jana, ukurasa wa Novemba. Mwanangu, mtu habuni kalenda ya mwaka jana.

Sijauliza chochote. Sheria inanikataza kuuliza habari zako na inakukataza kujieleza, na pengine ndiyo maana sote wawili tumeipenda. Basi tuongee habari za karani wetu, kama tulivyozoea. Karani wetu ana karatasi ya mtu. Kwenye karatasi, umeandika ukurasa wa saba, kuna maneno yaliyopigiwa mstari: "aanze matibabu haraka." Mimi msomaji nimekaa na neno hilo, "haraka," siku tatu. Sipati usingizi wa mchana.

Swali la pili bado. Dereva yuko wapi?

Sindano

*

Jumatatu, 16 Juni

Kwa Sindano,

Shikamoo mama. Nisamehe kwa barua ya Alhamisi. Nimeisoma tena nikaona aibu mpaka masikio yakawa ya moto.

Nilimtuma karani akamwone dereva, kama ulivyoagiza. Leo asubuhi aliomba ruhusa ya saa moja akasema jino linamuuma. Sasa jino linamuuma kweli.

Si dereva. Nimechoka kumbeba huyo dereva. Ni mwalimu wa shule ya chekechea, mwanamke wa umri wa dada yangu mkubwa, na shule yake iko umbali wa dakika ishirini kwa miguu kutoka dirishani kwangu. Ndiyo, kwangu. Umeshajua tangu lini, sijui, lakini nimeona nikiendelea kusema "karani" nitaanza kuamini kwamba ni mtu mwingine.

Nilisimama nje ya uzio wa waya nikajifanya nasoma tangazo. Alikuwa ameketi kwenye ngazi na watoto kama kumi, anawafundisha kufunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa skafu shingoni na jua lilikuwa kali. Mtoto mmoja aliivuta, naye akautoa mkono wa mtoto taratibu bila kumwangalia, kama mtu aliyekwisha kuzoea kufanya hivyo. Kisha akacheka kwa sababu mtoto mwingine alikuwa amefunga viatu vyake viwili pamoja. Alicheka sana, mama. Anaonekana mzima. Nilirudi ofisini nikitembea kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Karatasi niliipata tarehe 15 Mei. Niliiona, nikaisoma, nikaangalia tarehe ya maabara: 27 Machi. Kwenye chumba chetu kuna Kitabu cha Makosa. Karatasi ikichelewa kwa mkono wako unaandika jina lako humo, na karani aliyekuwa kwenye kiti changu kabla yangu aliandika mara moja tu, hakumaliza wiki. Niliifunika kwa kalenda nikasema nitafikiri kesho. Nimefikiri kila siku tangu hapo.

Sasa nimepata mwisho mzuri. Gundi ya kwetu inalegea kwa maji ya uvuguvugu, nimeijaribu kwenye karatasi tupu na haikubaki alama. Nitaisafisha, nitairudisha kimyakimya kwenye jalada lake. Akija, daktari ataikuta ndani, atadhani imechelewa maabara kama kawaida yao. Yeye atatibiwa, mimi nitabaki kazini, hakuna atakayepoteza kitu. Nadhani hata kwa hadithi ni mwisho mzuri, hauna makelele.

Niambie unauonaje.

Kifutio

*

Jumanne, 17 Juni

Mwanangu,

Rasimu yako ya pili, ukurasa wa sita. Nakunukuu: "Alikuja mara tatu. Mara ya tatu aliniuliza kama ni lazima aendelee kuja, maana anaomba ruhusa kazini kila mara. Nikamwambia asijisumbue, majibu yakitoka atapigiwa simu."

Kwa hiyo haji. Hakuna siku atakayokuja ili daktari afungue jalada. Anasubiri simu, na simu ni wewe.

Unasema anaonekana mzima kwa sababu anacheka. Anacheka kwa sababu hakuna aliyempigia. Amekaa akahesabu wiki, akasema moyoni, kama kungekuwa na jambo baya wangekwisha niambia. Kimya chenu amekifanya kuwa majibu.

Nimevunja sheria za kikundi, na Mlezi akitaka anifukuze. Weka kalamu chini. Kachukue karatasi hiyo leo, na gundi yake na kila kitu chake, umpe daktari mkononi. Usiisafishe.

Sindano

*

Alhamisi, 19 Juni

Kwa Sindano,

Shikamoo mama. Sikufanya Jumanne. Nilifika mpaka kwenye droo, nikaipiga goti, ikakwama, nikaichukulia kuwa ni sababu. Nilifanya jana.

Daktari alikuwa anakula ndizi amesimama. Nilimpa karatasi. Aliisoma mara moja, akaweka ndizi juu ya dirisha, akaniuliza, "Hii imetoka wapi?"

"Kwenye droo yangu."

"Tangu lini?"

"Mwezi na siku tatu. Kabla ya hapo ilikuwa imegandia jalada la mtu mwingine."

Nilitegemea anifokee. Hakunifokea. Alisema, "Huyu mama nilimwambia mwenyewe, kwa mdomo wangu, asiwe na wasiwasi mpaka tumpigie." Kisha akachukua simu. Namba iliyo kwenye jalada haipatikani. Akapiga mara nne. Hiyo ya nne sidhani alikuwa anapiga ili ipatikane, nadhani hakutaka kuniangalia.

Kwa Mkuu ilikuwa fupi. Alikohoa, akafungua Kitabu cha Makosa, akanisogezea kalamu. "Andika kwa mwandiko unaosomeka." Nikaandika. Akasoma, akasema kuanzia Jumatatu nisiingie chumbani mpaka kamati ikae, na kamati ikikaa nisitegemee mengi. Nilipomkabidhi ufunguo wa droo aliutazama akasema, "Kumbe ulikuwa nao. Mimi nilitaka mahali pa kufungia sukari ya ofisi, inaibwa." Nilicheka, mama. Sikukusudia. Nilicheka mpaka nikashika ukuta, naye akaniangalia kama nimepata wazimu, pengine hakukosea.

Lakini si hayo ninayotaka kukuambia. Leo saa saba mchana nilikwenda chekechea, safari hii kwa kuingia getini. Hayupo. Mwalimu mkuu wa pale anasema Jumanne aliomba ruhusa ya ghafla, alikuwa anapata shida kumeza chakula, akasema anakwenda kupumzika kwa dada yake nje ya mji, hajui anarudi lini. Namba yake mpya hawana. Jumatatu nilikuwa nimesimama mita kumi kutoka kwake. Ningeweza kuita.

Kuna mpishi wa shule ambaye nyumba yake ya wazazi iko mtaa mmoja na huyo dada. Anakwenda kila Jumamosi. Amekubali kubeba barua, mradi imo kwenye bahasha iliyofungwa na aipate kesho kabla ya kutoka kazini. Daktari ameniruhusu kuiandika, ila amesema neno la ugonjwa lisiwemo, hilo atalisema mwenyewe.

Nimekaa nayo tangu saa tisa. Inaanza hivi: "Kwa heshima na taadhima napenda kuchukua nafasi hii kukuomba radhi kwa dhati kufuatia hitilafu iliyojitokeza katika utunzaji wa kumbukumbu, hitilafu ambayo kwa masikitiko makubwa ilisababisha kucheleweshwa kwa taarifa zako." Inaendelea hivyo kurasa mbili. Nimeiambatanisha yote.

Miezi yote niliyotaka kujifunza kuandika, sasa ninayo barua moja tu ya kuandika na siiwezi. Nisaidie. Mpishi anatoka saa kumi.

Kifutio

*

Ijumaa, 20 Juni, asubuhi

Mwanangu,

Nimeisoma mteja akiwa amesimama mlangoni kwangu na gauni la harusi ya kesho. Nimemwambia asubiri.

"Hitilafu iliyojitokeza." Ilijitokeza yenyewe, kama ukungu? Karatasi yako ya kwanza ilikuwa na miguu, sasa na kosa lako lina miguu. Nani alifanya? Mwandike.

Umeomba radhi mara tano kabla hujamwambia kuna nini. Mtu anayesubiri majibu hana nafasi ya kushika radhi zako. Huo msamaha ni kwa ajili yako, uweke mwisho, uwe mfupi, au uuache. Mstari wa kwanza uwe wake yeye: majibu yapo, daktari anakutaka. Akisoma huo peke yake akaiangusha barua, iwe imeshafanya kazi.

Futa "masikitiko." Futa "kwa dhati." Weka tarehe, tarehe haziombolezi. Usimtishe, na usimbembeleze. Mwambie kwamba kimya hakikuwa majibu, hilo lazima alisikie.

Halafu mwambie atakupataje. Si "fika ofisini kwa maelezo zaidi." Geti gani, upande gani, saa ngapi, nani atakuwa amekaa. Mtu mgonjwa akifika hospitali asikute dirisha jingine la kumwambia hayajatoka.

Hadithi usiibandike ukutani. Nitamwambia Mlezi imefumuka. Na kuhusu yule mama wa sura yangu na simu ya dada yake: leo alfajiri niliandika ukurasa mmoja nikauchana. Kisha nikaandika mwingine. Huo wa pili bado upo mezani, umelaliwa na mkasi.

Haya, kaa uandike. Huna haja ya kunionesha.

Sindano

*

Ijumaa, 20 Juni

Mwalimu,

Shikamoo. Majibu ya kipimo chako yapo. Daktari anataka kukuona haraka, na siku uliyo tayari kuja ndiyo siku yako, huhitaji miadi.

Majibu yalifika hospitali tarehe 27 Machi. Mara zote tatu ulizoniuliza dirishani nikakwambia hayajatoka, yalikuwa yameshatoka. Nilikuwa nabandika majalada, nikaweka karatasi yako juu ya gundi, ikaganda kwenye jalada la mtu mwingine. Wakati huo sikujua. Tarehe 15 Mei niliiona, na hapo nilijua. Niliificha kwenye droo kwa sababu niliogopa kufukuzwa kazi. Ilikaa humo mpaka juzi. Si maabara wala daktari aliyefanya hivyo, ni mimi.

Nilikuahidi simu nisikupigie. Kama ulikichukulia kimya chetu kuwa ni habari njema, hukukosea kufikiri hivyo, mtu yeyote angefikiri hivyo. Lakini kimya hakikuwa majibu. Majibu ni haya ya kwenye karatasi, na daktari atakueleza mwenyewe.

Barua hii si siri. Msomee dada yako. Ukitaka kunishtaki, Mkuu wa chumba cha majalada ana nakala yake, na jina langu analo.

Naomba unisamehe utakapopata nafasi, si sasa.

Ukija, usiende dirisha la tatu. Mimi siruhusiwi kukaa pale tena kuanzia Jumatatu, na aliyepo hajui habari zako. Ingia kwa geti la nyuma, lile la magari ya mashuka. Mlinzi wa pale nimeshamwambia, mtajie tu kwamba wewe ni mwalimu. Ukiingia, kulia kwako kuna bomba la maji na benchi la chuma. Nitakuwa nimekaa hapo kila siku ya kazi, kuanzia saa moja na nusu asubuhi mpaka saa tisa alasiri, na nitakupeleka mwenyewe mpaka chumba namba sita. Huko hakuna foleni kwako, karatasi yako iko mezani kwa daktari. Kama kutembea ni shida, mtume dada yako aje benchini aniambie mlipo, daktari amesema gari litakuja.

Namba yangu ya simu iko nyuma ya bahasha, imeandikwa mara mbili isije ikafutika. Piga saa yoyote. Ukiwa hujui uanzie wapi, usiseme kitu, nami sitakata. Nitasubiri mpaka useme.

Karani wa dirisha la tatu